Juzuu ya Thelathini na Moja, Toleo la Pili

Julai hapa Paysandú ni mwezi wa baridi.
Hita ya ofisi imebakiwa na waya mmoja unaowaka,
nami nimevaa koti juu ya koti,
nahesabu nukta na mikato ya watu wengine.
Mhariri, wananiita. Ujira wa cheo hicho
ni ufunguo wa chumba na haki ya kulaumiwa.

Makala iliyo mbele yangu ni ya Wilmar Bentancor,
mwalimu pekee wa shule ya watoto kumi na saba
huko ndani, katikati ya mashamba ya michungwa.
Miaka kumi na mmoja ameandika daftarini
nani hakuja, siku gani, shamba gani lilikuwa likichumwa.
Hakuandika "utoro". Ameandika "mavuno".
Neno moja, na nadharia nzima imelala humo
kama mbegu ndani ya chungwa.

Mhakiki wa kwanza alijibu kwa siku mbili:
sampuli ni ndogo, mwandishi hana shahada ya uzamili,
tena aongeze marejeo matano.
Niliyafungua. Yote matano ni ya mhakiki mwenyewe.
Mhakiki wa pili aliahidi Oktoba,
akaahidi Machi. Sasa ameacha kuahidi,
na huo nao ni uaminifu wa aina yake.

Mara nne nimemwandikia Wilmar: "Tunashughulikia."
Kitenzi cha silabi saba, kazi hakuna.

Kisha ikaja barua ya kampuni ya ng'ambo, karatasi nene.
Wao watachapa, watahifadhi, watatuingiza kwenye faharasa kuu.
Sisi tutabakiwa na machache tu:
kusoma, kusahihisha, kubembeleza wahakiki, kuomba radhi.
Ada ya mwandishi ni mishahara miwili na nusu ya Wilmar.
Ikisiri iwe kwa Kiingereza,
na, "ikiwezekana" (neno limelazwa hapo kwa upole,
kama mtoto wa mtu mlangoni pako), makala yote.

Tulipiga kura Alhamisi, watu saba na birika moja la mate.
Etchegoyen akasema: bila faharasa wizara haituhesabu,
vijana hawatapanda daraja. Au mnataka
wale heshima, washushie na maji?
Hakukosea. Hilo ndilo linaloniuma.
Maite, ambaye mkataba wake unakwisha Desemba,
aliinua mkono akitazama dirisha.
Nne kwa tatu.

Basi nina toleo moja lililobaki ambalo ni letu,
na makala moja isiyo na mhakiki wa pili.
Jumamosi nikapanda basi na nakala bahashani
hadi kwa Eudosia Techera, aliyechuma machungwa miaka thelathini
na kuwatoa wanawe darasani kila msimu.
Alivaa miwani ya marehemu mumewe.
Alisoma majedwali kidole kikifuata safu,
maandishi akayaruka, kisha akayarudia.
Karibu na magharibi akasema:
"Ukurasa wa tisa amekosea.
Mwaka ule hawakuwa shambani. Mto ulifurika.
Tulikaa wiki tatu kwenye ghala la reli,
wanangu wote, na wa Sosa, na wa yule kiziwi."

Nikamjazia fomu. Penye "Taasisi" nikaandika: michungwa.
Penye "Pendekezo": ichapishwe, baada ya masahihisho.
Utaratibu unataka mhakiki asijulikane na mwandishi.
Sawa. Huyu hajawahi kujulikana na yeyote.

Usiku nilimpigia Wilmar simu.
Nilimsikia akifunua daftari, kurasa nyingi, bila haraka.
"Mafuriko," akasema. "Kweli. Nilikuwa nimehamishwa
mwaka ule, nikaandika nilichoambiwa."
Akanyamaza.
"Nani kaliona hilo?"
Nikamwambia kanuni haziniruhusu.
"Basi mwambie," akasema, "nabadilisha jedwali."